Klipu za kusimama na za kulala ndani ya fremu moja

Kuna mahojiano niliwahi kuletewa niyamalizie, kazi ilikuwa imeshakatwa na kupangwa vizuri, ila saa ya ukutani nyuma ya mzungumzaji ilikuwa imegeuka yai. Mhariri aliyenitangulia alikuta klipu ya 4:3 (upana 4 kwa kimo 3) kwenye taimulaini, yaani ule mstari wa kupangia klipu, ya 16:9, akaona weusi pembeni, akaivuta picha kwa upana mpaka weusi ukaisha. Ukaisha kweli, na mzee wa watu akanenepa kwa theluthi nzima. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kuangalia uso wake, kwa sababu jicho huzoea uso haraka. Saa ndiyo iliyosema. Tangu hapo, klipu ikinitia shaka natafuta kitu cha mviringo ndani yake, gurudumu au sahani hata mdomo wa kikombe, naweka rula kwenye skrini na kupima kimo na upana.

Tunaposema "saizi ya video" huwa tunachanganya mambo matatu. Kuna idadi ya pikseli, kama 1920 kwa 1080. Kuna uwiano wa fremu, yaani upana ukilinganishwa na kimo, kama 16:9. Halafu kuna umbo la pikseli yenyewe, ambalo wengi hawalijui kabisa. Klipu ya 1280 kwa 720 na ya 3840 kwa 2160 zina pikseli tofauti lakini uwiano ni ule ule, kwa hiyo hazigombani. Unakuza au unapunguza tu. Ugomvi huanza uwiano unapotofautiana.

Umbo la pikseli huwatesa wanaofanya kazi na kanda za zamani. Video ya 4:3 ya PAL, mfumo wa zamani wa televisheni, ina pikseli 720 kwa 576. Piga hesabu uone, hiyo ni 5:4, wala si 4:3. Pikseli zake si mraba: kila moja imetanuka kidogo kwa upana, kwa uwiano wa 16 kwa 15, hivyo kwenye skrini ya kawaida picha inatakiwa ionekane kama 768 kwa 576. Programu ikizichukulia kuwa mraba, watu wote wanakonda kidogo. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna atakayelalamika, na ndiyo maana kosa hili huishi miaka. HDV nayo, yaani video ya HD ya kwenye kanda, ilirekodi 1440 kwa 1080 ikitanuliwa hadi 1920 wakati wa kuchezwa. Dawa ni kufungua taarifa za klipu na kurekebisha umbo la pikseli pale, usianze kuivuta picha kwa mkono.

Sasa taimulaini. Programu nyingi hukuuliza, ukidondosha klipu ya kwanza, kama ibadilishe mipangilio ifuate klipu hiyo. Ukikubali bila kusoma na klipu yenyewe ni ya simu, umeshahariri mradi mzima ndani ya fremu ya kusimama. Mimi naweka fremu kwa mkono kabla sijaingiza chochote, na ninaichagua kwa kuuliza swali moja tu: hii kazi itatazamwa wapi? Wingi wa klipu haunihusu. Hata kama 30 ni za kusimama na 5 za kulala, kazi ya kuonyeshwa ukutani kwa projekta ni 1920 kwa 1080.

Kila klipu isiyolingana ina njia mbili za halali: iingie yote ubaki weusi, au ijaze fremu ikatwe. Chukua klipu ya kusimama ya 1080 kwa 1920. Ukiiingiza yote kwenye fremu ya 1920 kwa 1080, inapungua hadi asilimia 56.25, inabaki na upana wa pikseli 608 hivi, na kila upande una weusi wa 656. Ukiamua ijaze, unaikuza kwa asilimia 178 na kinachoonekana ni chini ya theluthi ya picha. Uso utatosha, lakini mtu aliyesimama atakatwa kichwa au miguu, na ukungu wa kukuza utauona. Kama simu ilirekodi 2160 kwa 3840 hadithi ni nyingine: una pikseli 2160 za upana na unahitaji 1920, unaikata bila kupoteza ukali.

Kuhusu ule mtindo wa kujaza pembeni kwa nakala ya picha hiyo hiyo iliyotiwa ukungu: siupendi. Mtu akitembea katikati, vivuli vyake vinatembea pembeni, na jicho linavifuata. Weusi mtupu haumsumbui mtu.

Angalia pia programu yako inapunguzaje. Premiere Pro ina amri inayobadilisha namba ya skeli tu (asilimia ya kukuza au kupunguza), na nyingine inayoibana picha kwanza iwe na pikseli za taimulaini. Ukitumia hiyo ya pili kwa klipu ya 4K (3840 kwa 2160) kisha ukaivuta karibu kwa asilimia 200, unakuza picha ambayo tayari imepunguzwa, na ukali uliolipia kwa nafasi ya diski umeutupa. DaVinci Resolve huweka uamuzi huu kwenye mipangilio ya mradi, mara moja kwa klipu zinazoingia na mara nyingine kwa faili linalotoka. Hapo pa pili ndipo watu husahau.

Maana wakati wa kutoa faili, kosa jipya linaweza kuzaliwa. Taimulaini ni 16:9, mtu anachagua mpangilio wa kutoa wa 4:3, programu inaongeza weusi juu na chini, na klipu iliyokuwa na weusi pembeni sasa inaelea katikati kama picha kwenye fremu ya ukutani. Weusi ukishachomwa ndani ya faili umekuwa sehemu ya picha, na atakayelipokea hana budi kuukata.

Namba witiri nazo zina vituko vyake. Klipu ya sinema ya 4096 kwa 2160 ikipunguzwa iwe na upana wa 3840 inapata kimo cha 2025. Ukitaka kuitoa hivyo bila weusi kwa H.264 ya kawaida, ile mbinu ya kubana video, x264 inayofanya kazi hiyo ya kubana itagoma, kwa sababu rangi huhifadhiwa kwa mafungu ya pikseli 2 kwa 2. Weka 2024.

Nikiwa na klipu nyingi za kuunganisha bila kuhariri, natumia FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, na kichujio hiki kwa kila moja:

scale=1920:1080:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1920:1080:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1

Inaingiza picha yote, inaiweka katikati, inajaza weusi. Haitazami umbo la pikseli, kwa hiyo kwa klipu za kanda natanguliza scale=iw*sar:ih,setsar=1 kisha koma.

Faili likishatoka, lifungue kwenye kichezeshi kingine, soma upana na kimo, kisha simamisha picha kwenye kila klipu iliyokuwa ngeni na uangalie kingo. Ukiona uzi mwembamba mweusi upande mmoja, hesabu iliangukia nusu pikseli. Rudi kwenye klipu hiyo, ongeza skeli kutoka 100 hadi 100.3, utoe tena.