Mageuzi ya hasimu hayafuti silaha zake

Kuna ujumbe unaozunguka tena katika makundi ya WhatsApp hapa Mombasa: ati Muungano wa Kisovieti ulipoanza mageuzi ya kisiasa miaka ya 1980, Marekani ilistarehe na silaha zikavunjwa papo hapo. Sivyo.

Wapangaji wa ulinzi hupima nia na uwezo. Nia yaweza kugeuka kwa hotuba moja. Makombora hubaki pale pale mpaka yahesabiwe na kuharibiwa. Mkataba wa Marekani na Wasovieti wa kuharibu makombora ya nchi kavu ya masafa ya kilomita 500 hadi 5,500 (INF) ulitiwa saini Desemba 1987, ukaanza kutumika Juni 1988. Kuyaharibu yote 2,692 kulikamilika 1991, wakaguzi wa kila upande wakishuhudia. Hata hapo, vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vilibaki kwa maelfu.

Kinachowachanganya wengi ni picha za kuanguka kwa ukuta uliogawa mji wa Berlin, Ujerumani, Novemba 1989. Zinasisimua kweli, ukaguzi wa maghala hausisimui mtu.

Tafadhali, ujumbe usiotaja mkataba, tarehe wala mkaguzi usiupeleke mbele. Matini ya mkataba inasomeka bure mtandaoni, pamoja na orodha ya vituo vilivyokuwa na makombora hayo.