Eti fononi hazina kazi kwenye kupreti?

Wanafunzi wa fizikia, kuanzia Njoro hadi Maseno, huja na hoja ileile: athari ya isotopu (kuhama kwa joto la kupoteza ukinzani atomi zikibadilishwa kwa nzito zaidi) kwenye kupreti, yaani oksidi za shaba zinazopoteza ukinzani wa umeme zikipozwa, ni ndogo, kwa hiyo elektroni hazijali fononi, yaani mitetemo ya fuwele. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili wameibandika wenyewe.

Tuhesabu. YBCO, mojawapo ya kupreti, hupoteza ukinzani karibu na 92 K; joto hilo huitwa Tc. Ukibadilisha oksijeni-16 yote kwa oksijeni-18, na kipeo (kinachoeleza Tc inavyoshuka uzito wa isotopu ukiongezeka) kikiwa 0.5 kama katika nadharia rahisi ya fononi, Tc ingeshuka kwa takriban 5 K. Kinachopimwa hakifiki hata 1 K. Sawa, lakini rutheniamu nayo ina kipeo karibu na sifuri, na hakuna anayebisha kwamba jozi zake za elektroni, zinazopita bila ukinzani, hufungwa na fononi. Tena kwenye kupreti zenye mashimo (nafasi zilizokosa elektroni) machache, Tc ikiwa chini, kipeo hupanda. Hilo huwa hawalitaji.

Vipimo vya fotoelektroni vya 2001 vilionyesha mkunjo wa nishati ya elektroni ukipinda ghafla kati ya meV (milielektronivolti) 50 na 80, katika familia kadhaa za kupreti. Nishati hizo ni za fononi za oksijeni, ingawa wapo wanaosema chanzo ni sumaku. Swali la maana ni fononi ipi. Pengo la kupreti, yaani nishati ya kuvunja jozi, ni la wimbi-d: hubadili ishara kulingana na mwelekeo. Mtetemo wa oksijeni kupanda na kushuka kwenye bapa lake unaweza kuzisaidia jozi, ule wa kuvuta na kubana kifungo cha shaba na oksijeni huelekea kuzivuruga. Mwingiliano mkali si lazima uonekane kwenye Tc.

Ukipima mwenyewe, gawa kipande kimoja mara mbili, upashe pande zote pamoja katika mirija iliyofungwa, mmoja wenye oksijeni-16 na mwingine oksijeni-18: joto lilelile, shinikizo lilelile, kupoza kwa mwendo mmoja. Kiwango cha oksijeni kikitofautiana kidogo tu, Tc itahama zaidi kuliko isotopu inavyoweza kuihamisha. Kisha rudi kwenye mizani: gramu 1 iliyobadilishwa yote huongezeka takriban miligramu 21. Ikiongezeka 10, umebadilisha nusu, usichore grafu bado.

Zipo hoja nyingine mbili. "Fononi haziwezi kuvuka 40 K." Sulfidi ya hidrojeni, chini ya shinikizo la GPa (gigapaskali) 150 hivi, ilifika 203 K mwaka 2015, na ukiweka deuteriamu, hidrojeni nzito, Tc hushuka, dalili ya fononi.

"Kupreti huitwa za joto la juu, basi ni joto la chumbani." Hapana. YBCO hupozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi -196 (77 K), ileile inayohifadhi mbegu za fahali kwa wafugaji wa Nakuru. Vaa miwani ya kinga, fungua madirisha, na usiuzibe mtungi kabisa: gesi ikikosa pa kutokea itaupasua.