Asteya: kutochukua usichopewa

Wengi wetu tukijiunga na darasa la yoga tunaanzia kwenye mkeka: kunyoosha mgongo, kutuliza pumzi, kusimama kwa mguu mmoja. Lakini katika Yoga Sutra, mkusanyo wa kauli fupi fupi za Kisanskriti unaonasibishwa na Patanjali wa India ya kale, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, mikao ya mwili ni hatua ya tatu kati ya nane. Hatua ya kwanza huitwa yama, nayo ni miiko mitano ya kuishi na watu: kutodhuru, kusema kweli, asteya, kuyatawala matamanio ya mwili, na kutojilimbikizia.

Steya ni wizi, na ile "a" ya mwanzo inakanusha. Tafsiri ya haraka basi ni "kutoiba", na ndiyo maana watu huipita mbio. Nani kati yetu amewahi kumchomolea mtu pochi kwenye daladala? Mimi pia niliipita hivyo kwa muda mrefu. Kilichonirudisha ni jinsi Wabudha na Wajaini, wafuasi wa dini mbili zilizokulia katika ardhi ileile ya India, wanavyoutaja mwiko huu. Wabudha husema adinnadana, Wajaini husema adattadana, na yote mawili yana maana moja: kuchukua kisichotolewa. Hapo swali linabadilika. Huulizwi tena kama umeiba. Unaulizwa, hiki kilichomo mkononi mwako, nani alikupa?

Kwetu tuna kitu kinachofanana na hili, nacho ni hodi. Mlango uko wazi, watu wanasikika ndani, pilau linanukia mpaka barazani. Bado unabisha hodi, na ukibisha mara tatu bila kuitikiwa unarudi ulikotoka. Mlango kuwa wazi si ruhusa ya kuingia.

Chukua mfano wa simu. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 20,000 kutoka namba usiyoijua. Hukumpora mtu, hukumdanganya mtu, pesa imekuja yenyewe. Ukijipima kwa neno "kuiba" unaweza kujitetea kutwa nzima. Ukijipima kwa neno "kupewa", kesi imekwisha, kwa sababu aliyetuma alikuwa anampa mtu mwingine. Chenji iliyozidi kwa konda aliyechoka iko hivyohivyo.

Patanjali anaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Anasema uvunjaji wa miiko hii una sura tatu: kutenda mwenyewe, kumtendesha mwingine, na kuridhia kilichotendwa. Na unatokana na uroho, hasira au kupumbazwa. Anayenunua simu nzuri kwa bei ya kutupwa, bila boksi wala risiti, hajaiba, ila ameridhia. Hasira nayo inastahili kutazamwa. Mtu aliyecheleweshewa mshahara miezi miwili huanza kubeba rimu za karatasi za ofisini na kujiambia kwamba anajilipa. Namwelewa kabisa, na dhuluma aliyotendewa ni ya kweli. Lakini deni lake ni mshahara, rimu hakupewa.

Anasema pia kwamba miiko hii huwa kiapo kikuu pale isipowekewa mipaka ya ukoo, mahali, wakati wala hali. Mfafanuzi wake wa kale, Vyasa, anatoa mfano wa mvuvi anayesema yeye hadhuru kiumbe chochote isipokuwa samaki. Mvuvi huyo tunaye. Ni yule asiyegusa hata kiberiti cha jirani, lakini gari la idara analiendea harusini kwa mafuta ya idara, kwa hoja kwamba mali ya umma haina mwenyewe. Vyasa huyohuyo anasema asteya haikamiliki mpaka tamaa yenyewe ya kitu cha mtu itulie. Hiyo ni kazi ya maisha mazima, na siwezi kusema nimeifikia.

Wajaini ndio walioushusha mwiko huu mpaka sokoni. Tunaishi nao: wana mahekalu Nairobi na Mombasa, na wengi wa jamii ya Oshwal, yenye asili ya India, nchini Kenya ni Wajaini. Kwa kuwa wafuasi wengi wa dini hiyo walikuwa wafanyabiashara, maandiko yao yanataja makosa matano yanayokaribia wizi: kumchochea mwizi, kupokea mali ya wizi, kukwepa sheria za nchi, kutumia vipimo vya uongo, na kuchanganya bidhaa duni na nzuri. Kosa la nne mkulima wa viazi au vitunguu analijua kwa jina la lumbesa. Gunia linajazwa, linashindiliwa, linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, kisha linalipwa kama gunia moja. Kilemba kile hakikutolewa na mtu. La tano tunaliita kuchakachua, na wahenga walikwisha kuliona: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lakini kuna kupewa kusikokuwa kupewa, na hapa ndipo asteya inaponisumbua. Unamwambia dada wa kazi abaki saa moja zaidi, mgeni amechelewa. Anajibu, "Hamna shida." Je, ametoa? Angeweza kukataa? Jioni unapita kwa mama anayeuza mchicha, unamkazania ashushe bei mpaka anakubali, kwa sababu anajua kesho majani yamenyauka na watoto wanamsubiri. Amekubali kwa mdomo wake. Sisemi kupatana bei ni wizi. Sokoni kupatana ni mazungumzo, na muuzaji mwenyewe ameanza juu akijua bei itashuka. Ila nimejiwekea kipimo kimoja: kama mtu hana nafasi ya kusema hapana, ndiyo yake siihesabu kuwa zawadi. Ile saa ya dada nailipa, bila kusubiri aombe.

Muda kwa jumla ndicho kitu tunachochukuliana bila hata kujua. Kikao kimeitwa saa nne, mtu anaingia saa tano kasorobo, watu kumi wamekaa wanamngoja. Kila mmoja amechukuliwa dakika 45 ambazo hakukubali kuzitoa, na haziwezi kurudishwa kama pesa. Mawazo nayo yana mwenyewe. Mahatma Gandhi, aliyeifanya asteya kuwa moja ya viapo vya jumuiya yake ya Sabarmati, aliieleza katika barua alizoandika mwaka 1930 akiwa gereza la Yeravda. Alihesabu kuwa wizi hata kuchukua kitu usichokihitaji, na kujidai umebuni wazo ambalo si lako. Hoja ya kwanza naiona kali, ingawa inaeleweka kwa mtu aliyeishi kati ya wenye njaa. Ya pili haina ubishi kwangu. Kijana anatoa wazo ofisini asubuhi, mchana mkubwa wake analitaja mbele ya wageni kama lake. Sentensi moja tu, "hili alilisema fulani", ingetosha.

Patanjali anaahidi kwamba asteya ikisimama imara ndani ya mtu, vito vyote humjia. Wapo wanaoisoma ahadi hiyo kama utajiri. Mimi naisoma kwa macho ya mtaani: kuna fundi ambaye watu humwachia funguo za nyumba na kusafiri, na muuza duka ambaye mtoto mdogo hutumwa kwake na noti kubwa bila wasiwasi. Hawatangazi biashara, na watu huwaendea wao kwanza.

Ukitaka kuanza, usianze na tamaa za moyoni. Hizo ni ndefu. Anza na rafu na kabati. Nilipofanya hivyo nilikuta kitabu chenye jina la mtu mwingine, mwavuli, na sufuria la jirani lililokuja na futari Ramadhani mbili zilizopita. Kuazimwa nilikuwa nimeazimwa, lakini kule kulichelewesha hakuna aliyenipa. Na kwa kuwa chombo cha futari hakirudi kitupu, nilipika tambi, nikalifunika kwa kawa, nikaenda kubisha hodi. Jirani alilitazama lile sufuria kwa muda, kisha akacheka. "Nilikwisha kununua jingine," akasema, akanikaribisha ndani.