Klabu ya huduma ni nini, na vijana wanapata nini humo?

Pembeni ya kisima cha shule niliyofundisha kuna kibao kidogo cha bati chenye gurudumu la meno. Siku moja nilimkuta mama mmoja ametua ndoo yake hapo, nikamwuliza anajua nani alijenga kisima. "Si Wazungu, mwalimu?" akanijibu. Kumbe waliokijenga ni mwenye duka la vipuri, wakili, daktari wa meno na mstaafu mmoja wa benki, wote wakazi wa mji huo huo, na mmoja wao alikuwa jirani yake. Hao ndio klabu ya huduma, na kwa kuwa watu wengi wanaijua kwa vibao tu, nimeona nieleze maana yake.

Klabu ya huduma ni chama cha hiari cha watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa ratiba, aghalabu kila wiki au kila wiki mbili, wakalipa ada, wakachagua viongozi wao, kisha wakatumia ujuzi na fedha zao kwa kazi inayowafaa watu wa eneo lao. Wengi huichanganya na vikundi vingine. Kwenye kikoba au SACCOS unaweka akiba na faida inakurudia mwenyewe. Shirika lisilo la kiserikali lina wafanyakazi wanaolipwa mshahara. Kwenye klabu ya huduma mwanachama halipwi, wala hagawiwi chochote mwisho wa mwaka, na bado ni yeye anayetoa ada. Kitu chetu kilicho karibu nayo zaidi ni msaragambo: watu wanatoka na majembe na makarai, barabara inatengenezwa. Ila msaragambo huisha jioni ile ile, na klabu inakutana tena wiki ijayo kuulizana kama ile barabara bado inapitika. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo nguvu ya klabu. Fedha zake mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Asili yake ni Chicago, Marekani. Tarehe 23 Februari 1905 wakili Paul Harris aliketi na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, wakakubaliana wawe wanakutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Kule kuzunguka ndiko kulikozaa jina la klabu yao, Rotary, ambayo alama yake ni lile gurudumu la meno. Mwanzoni lengo lilikuwa urafiki na kupeana biashara. Huduma ilifuata, na kati ya kazi zao za mwanzo, mwaka 1907, walisukuma vijengwe vyoo vya umma mjini humo. Naipenda sana habari hiyo. Wangeweza kuanza na mnara au bustani yenye majina yao, wakaanza na haja ambayo kila mpita njia anayo na hakuna anayeitaja.

Lions, klabu nyingine ya huduma, ilizaliwa mji huo huo mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima. Alama yao ni herufi L katikati ya vichwa viwili vya simba vilivyopeana visogo. Mwaka 1925 Helen Keller, ambaye alikuwa haoni wala hasikii, alisimama kwenye mkutano wao mkuu huko Ohio akawaomba wawe mashujaa wa wasioona. Ndiyo maana hadi leo ukisikia Lions unasikia macho: miwani, upasuaji wa mtoto wa jicho, na hospitali ya macho kama ile ya Loresho, Nairobi. Huku kwetu Rotary iliingia Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Wanawake walifungiwa mlango kwa miaka mingi. Ni mwaka 1989, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, ndipo Rotary iliporuhusu klabu zake zote duniani kuwapokea. Leo nenda kwenye klabu yoyote ya Kampala au Arusha uone nani anayeendesha kikao.

Kazi yao kubwa kuliko zote ni polio. Rotary ilianza kampeni yake ya dunia mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa imekomesha virusi vya asili vya polio. Serikali, UNICEF na wahudumu wa afya walibeba mzigo mkubwa humo, lakini miaka thelathini na tano ya kutoliachia jambo moja si kitu kidogo. Kazi nyingine ni za mji au nchi moja. Klabu za Rotary za Uganda zina mbio za kuchangia matibabu ya saratani tangu 2012, ambazo fedha zake zimekwenda Hospitali ya Nsambya.

Nisiwafiche: klabu pia hukosea. Kile kisima chetu kilikaa miezi minane bila kutoa tone. Mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umekatika, kitu cha bei ndogo, lakini hapakuwa na aliyefundishwa kuubadilisha wala senti iliyotengwa. Watoto wakarudi kuchota mtoni na kibao cha bati kikaendelea kung'aa. Sababu nyingine iko kwenye muundo wenyewe. Katika Rotary rais wa klabu hukaa mwaka mmoja, kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni, na kila anayeingia angependa kuacha mradi wake. Wa mwaka jana unakosa mwenyewe. Klabu ilipokuja kutengeneza pampu safari ya pili, ilianza na kamati ya watumia maji, ikasomesha vijana wawili wa mtaa ufundi wa pampu, na kaya zikakubaliana mchango wa kila mwezi. Hapo ndipo spana zilipofunguliwa. Nawashauri wanaoandikia klabu barua za kuomba mradi: elezeni mapema nani atautunza, maana klabu makini itauliza.

Sasa nije kwa vijana, ambao ndio walionifanya niandike haya. Rotary ina Interact kwa walio kati ya miaka 12 na 18, iliyoanzia shule moja ya Florida mwaka 1962, na Rotaract kwa walio na miaka 18 kwenda juu, iliyoanza 1968 na kuondolewa ukomo wa umri mwaka 2020. Lions wana klabu za vijana ziitwazo Leo, zenye umri mkubwa kuliko hizo mbili kwani zilianza 1957. Interact hulelewa na klabu ya watu wazima, lakini viongozi wake ni wanafunzi: rais, katibu, mweka hazina. Kila mwaka wanatakiwa kufanya miradi isiyopungua miwili, mmoja wa shule au jamii yao na mwingine wa kuwajenga wafahamiane na watu wa mataifa mengine.

Mzazi akisikia "kusaidia vijana" hufikiria ada, madaftari na taulo za kike. Vitu hivyo vinahitajika na klabu huvitoa. Mimi lakini, kwa niliyoyaona nikiwa mwalimu mlezi wa Interact, nasema msaada mkubwa zaidi ni kumpa kijana kazi yenye uzito na kumwachia aifanye.

Klabu ilipoleta wapimaji wa macho shuleni kwetu, wazee walianza kujipanga kabla ya saa moja asubuhi. Wanafunzi ndio walioandikisha. Bibi mmoja hakujua mwaka wake wa kuzaliwa, na kijana wa kidato cha pili hakukwama. "Bibi, siku ya Uhuru ulikuwa umeshaolewa?" Bibi akacheka: alikuwa binti wa kutwanga tu, hajachumbiwa. Akapata makadirio, akaandika. Wengine walipima mita 6 kwa kamba na kubandika ukutani lile bango la herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Asiyejua kusoma anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E inaelekea wapi. Nilimwona mzee akinyoosha mkono kushoto, kila safari kushoto, na msichana aliyemshika bega akaacha kuandika akamwangalia. Alimpeleka mwenyewe kwa mpimaji, akasimama hapo hadi mzee akapewa tarehe ya upasuaji. Kurudi, aliniuliza masomo gani yanahitajika ili mtu awe daktari wa macho.

Na kuna kaunta buku. Mweka hazina wetu mwaka ule alikuwa binti wa kidato cha tatu, mpole, sauti ya chini. Fedha za klabu zilitokana na kuuza miche ya miti na michango ya wanachama, na kila shilingi aliiandika: tarehe, imetoka kwa nani, imekwenda wapi, risiti imebanwa kwa pini ukurasa ule ule. Siku ya mahafali ya viongozi wanaomaliza muda wao alisoma hesabu mbele ya wanachama wote na wageni wa klabu mlezi. Alipofika kwenye nauli ya kufuata miche akanyamaza, akageuka upande wangu.

"Samahani mwalimu. Risiti ya elfu tatu ya bajaji sijaipata."

Ukumbi mzima uliniangalia. Sikuwa nayo, nilisahau kuidai. Nikasimama, nikasema hivyo hivyo, nikatoa elfu tatu mfukoni na kumpelekea mezani. Akazihesabu, akaandika mstari mpya kwenye kaunta buku, akanigeuzia daftari na kalamu.

"Weka sahihi hapa, mwalimu."