Wapishi, wahudumu na mameneja wa hoteli wanaotaka kuhamia nje: dhana potofu na ukweli

"Barua yangu inasema mimi ni shefu mkuu, kwa hiyo njia ni nyeupe."

Kauli hii naisikia mno, na imeangusha maombi mengi ya watu wenye uwezo kabisa. Mtu amepika kwa miaka, mikono yake inaijua kazi, halafu anamwomba meneja wa zamani ampandishe cheo kwenye barua ya kuthibitisha kazi aliyofanya, ili "faili lionekane zito". Anayepima faili hilo haangalii cheo. Anasoma majukumu.

Chukua Kanada. NOC, mfumo wa Kanada wa kuainisha kazi, unaipa kila kazi namba, maelezo ya utangulizi na orodha ya majukumu makuu. Mwombaji lazima athibitishe kwamba alifanya yaliyotajwa kwenye utangulizi, pamoja na sehemu kubwa ya majukumu hayo. Shefu yuko namba 62200, ngazi ya TEER 2 (TEER hupima elimu na mafunzo ambayo kazi inadai, 0 ikiwa juu kabisa na 5 chini kabisa). Mpishi wa kawaida yuko 63200, TEER 3. Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa pointi, inapokea TEER 0 hadi 3, maana yake mpishi anahesabiwa kuwa fundi mwenye ujuzi kwa jina lake lile lile la mpishi. Hakuwa na haja ya kujiita kitu kingine! Ninachokasirikia hapa ni kwamba uongo huu unaharibu faili ambalo lilikuwa zima.

Australia nayo inatenganisha. Katika ANZSCO, orodha yake ya kuainisha kazi, shefu, namba 351311, ni mtu anayepanga na kuratibu uandaaji wa chakula; mpishi, 351411, ndiye anayeandaa, kukoleza viungo na kupika. Barua ikimwita mtu shefu mkuu huku majukumu yote ni kukata mboga, kuchoma nyama na kusafisha meza ya kazi, mkaguzi anaona vitu viwili visivyopatana. Kinyume chake pia hutokea, na kinaniuma zaidi: kuna anayeitwa "mpishi" tu kwenye mkataba, lakini ndiye anayetunga menyu, anaagiza bidhaa za stoo, anapanga zamu na kufundisha wafanyakazi wapya jikoni. Huyo anajishusha bure. Majukumu yake yakielezwa vizuri na kuthibitishwa, yanambeba.

Halafu kuna kosa la kunakili majukumu neno kwa neno kutoka tovuti ya serikali. Wapimaji wanayasoma maneno hayo kila siku, wanayatambua mara moja, na barua nzima inaanza kutiliwa shaka. Andika ulichofanya kweli kwenye zamu: ulisimamia sehemu gani ya jiko, mlihudumia wageni wangapi kwa kawaida, nani alikuwa chini yako, nani aliamua bei na vipimo. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya mwajiri, itaje tarehe za kuanza na kumaliza, saa kwa wiki na mshahara, na isainiwe na mtu anayeweza kupatikana kwa simu. Iambatane na mikataba, hati za mshahara na taarifa za benki.

Na tafadhali, iombeni barua hiyo kabla ya kuacha kazi. Hoteli hufungwa, hubadilisha wamiliki, mameneja huhama. Kumtafuta meneja miaka mitano baadaye ni mateso ambayo siku moja ya kuaga ingeyamaliza.

Anayefikiri uongo mdogo haudhuru ajue kwamba Kanada humfungia nje miaka 5 aliyepotosha taarifa, na Australia inaweza kumkatalia viza kwa miaka 3.

"Fani ya hoteli ni moja, wote tunaomba kwa njia moja."

Hapana. Huko Kanada mhudumu wa meza yuko TEER 5 na karani wa mapokezi ya hoteli yuko TEER 4; kwa kazi hizo peke yake Express Entry haiwahusu. Msimamizi wa wahudumu wa chakula yuko TEER 2, na mkuu wa idara ya usafi wa vyumba pia TEER 2, ilhali msafisha vyumba wa kawaida yuko TEER 5.

"Uingereza inachukua wapishi."

Ilikuwa inachukua. Tangu tarehe 22 Julai 2025, viza ya kazi iitwayo Skilled Worker kwa waombaji wapya imepandishwa hadi kazi za kiwango cha shahada, na wapishi wakaachwa nje. Waliokuwa tayari kwenye njia hiyo wana masharti yao. Anayewauzia nafasi za upishi kwa viza hiyo leo anawaibia.

"Ofa ya kazi inanunuliwa."

Ada ya LMIA ya Kanada, yaani kibali ambacho mwajiri huomba ili aajiri mtu kutoka nje, dola 1,000, hulipwa na mwajiri, na sheria inamkataza kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi. Tena, tangu Machi 2025, ofa ya kazi haiongezi pointi kwenye Express Entry.

"Nazungumza na wageni Kiingereza kila siku, mtihani wa nini?"

Kwa sababu fomu inataka matokeo, na kwa Kanada yasizidi miaka 2.

"Nikishafika, ukaazi wa kudumu unakuja wenyewe."

Inategemea viza, na hili liulizwe kabla ya kusaini chochote. Viza ya H-2B ya Marekani, yenye kikomo cha 66,000 kwa mwaka, ni ya kazi za muda. Japani ilianzisha viza ya ujuzi maalumu mwaka 2019, ikiwemo malazi na huduma za chakula: ngazi ya kwanza ina kikomo cha miaka 5 na kwa kawaida huruhusiwi kuja na familia. Ngazi ya pili, iliyofunguliwa kwa sekta hizo mwaka 2023, inaweza kuongezwa muda na inaruhusu mke au mume na watoto.

"Ujerumani wamenitambua nusu, basi wamenikataa."

Hawajakukataa. Barua ya utambuzi wa cheti chako cha ufundi inaonyesha kilichopungua kwenye mafunzo yako ukilinganisha na ya kwao, ambayo kwa mpishi ni miaka 3, na ipo viza ya kwenda kukamilisha pengo hilo huko huko. Isomeni hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuitupa.