Irabu ya ɚ: sauti moja, ndimi mbili

Msikilize Mmarekani akitamka neno la Kiingereza "nurse". Kati ya n na s hakuna irabu kisha r. Irabu yenyewe ndiyo r, tangu inapoanza hadi inapokatika. Sisi neno hilo tulilipata kwa Waingereza, ambao r hiyo walishaiacha, likawa nesi. "Shirt" nalo, lenye irabu ileile, likawa shati. Hapa e, pale a: mwenye irabu tano huokoteza iliyo karibu.

Wanafonetiki huiandika ɚ, yaani shwa (ə, irabu hafifu ya katikati ya kinywa, kama a ya mwanzo wa "about") iliyotiwa mkia wa ndoano. Penye mkazo wengi huandika ɝ, kama walivyofanya Kenyon na Knott katika kamusi yao ya matamshi ya mwaka 1944.

Lugha zenye irabu hii hazifiki asilimia 1 ya lugha za dunia, ila wasemaji wake ni mamia ya mamilioni, kwa kuwa Kichina cha Mandarin kimo: èr ni mbili, ěr ni sikio. Kinachonivutia zaidi ni Kibadaga cha milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Mwaka 1939 mwanaisimu Emeneau alieleza kwamba irabu zake tano, a e i o u kama zetu, kila moja huweza kuwa ya kawaida, ya kupinda ulimi kidogo, au ya kuupinda sana. Siku hizi tofauti hizo zimefifia.

Sasa ulimi unakaa wapi? Picha za eksirei za watafiti Delattre na Freeman (1968), za Wamarekani wakitamka r, zilionyesha maumbo kadhaa. Wapo wanaoinua ncha kuelekea kaakaa. Wapo wanaoishusha ncha na kuukusanya ulimi katikati ya kinywa. Sikio halibagui, maana njia zote hushusha fomanti ya tatu, yaani kilele cha tatu cha mwangwi wa kinywa na koo: kwa mwanamume, kutoka Hz 2,500 hivi hadi chini ya 2,000. Ndiyo maana siafikiani na vitabu vinavyoiita moja kwa moja irabu ya ulimi uliopinduliwa. Ule mkia unaandika kinachosikika, hauchori ulimi.

Ukitaka kuijaribu, toa sauti ya shwa, kisha vuta ulimi nyuma taratibu, kingo zake zikiegemea magego ya juu. Ncha isiguse popote. Ikigusa tu, utatoa r yetu ya kila siku.