Wabunge wa Uingereza wakipiga kura kuhusu Palestina, kinabadilika nini?

Tangu serikali ya Uingereza itangaze kuitambua Palestina kuwa nchi, Septemba 21, 2025, maswali kwenye dawati letu hayaishi, na mengi yanaanzia palepale: "kwani bunge si lilishapitisha zamani?" Lilipitisha, ndiyo. Oktoba 13, 2014, hoja ya mbunge Grahame Morris wa chama cha Labour, ya kuitaka serikali iitambue Palestina, kura 274 kwa 12, mawaziri wa David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, wamekaa pembeni hawajapiga, na mbunge mwenzake wa Labour, Jack Straw, akachomeka maneno kwamba utambuzi huo usaidie kufikia suluhisho la mataifa mawili, Israel na Palestina. Baada ya hapo ikakaa karibu miaka 11.

Jamani, hoja ya wabunge wa kawaida, wasio mawaziri, ni maoni tu. Kuitambua nchi ni mamlaka ya serikali, yale iliyorithi kwa mfalme, kwa hiyo hata wabunge wote 650 wakubaliane, waziri mkuu anaweza kunyamaza na hajavunja sheria yoyote. Ufaransa ni hivyohivyo, kura za wabunge 339 kwa 151 Desemba 2014, utambuzi wenyewe 2025. Sweden iliamua serikali yenyewe Oktoba 30, 2014, ikaisha. Shinikizo la kisiasa kura inaleta, hilo hatubishi, ila nani ana haki kwenye mgogoro wenyewe dawati hili halisemi.

Sasa petisheni za bunge, yaani maombi ya wananchi yanayosainiwa mtandaoni, huku ndiko watu wanakoharibu. Anayesaini ni raia wa Uingereza au mkazi wa hapa, basi, sasa mtu anatuma linki kwenye grupu la familia mpaka Tanga na Mombasa halafu analalamika saini zimepungua! Saini ni moja kwa mtu, unaweka jina, imeili na posikodi (namba ya posta ya unakoishi), kisha unabonyeza linki ya kuthibitisha, usipobonyeza haihesabiwi, na za uongo zinafutwa. Kabla haijakaguliwa inahitaji watu 5 wa kuiunga mkono, ikikubaliwa inakaa wazi miezi 6, saini 10,000 serikali inajibu, 100,000 inafikiriwa kujadiliwa. Inafikiriwa, sio lazima. Ukiandika "bunge lichore mpaka wa Jerusalem" itakataliwa, maana lazima uombe kitu kilicho ndani ya uwezo wa serikali au bunge la hapa, na kama ipo nyingine inayoomba jambo hilohilo yako inakataliwa pia.

Ukiamua kumwandikia mbunge wako, weka anwani kamili ya nyumbani, ofisi nyingi hazijibu mtu asiyeonyesha kwamba anaishi jimboni.